Chumba Karibu na Kituo

Katika barua zilizotufikia mwezi huu ipo moja ambayo hatukuweza kuiweka kando. Imetoka Chiungutwa, katika Wilaya ya Masasi, nayo imeandikwa na baba wa watoto watano, mkulima wa korosho. Jina lake twalihifadhi. Baada ya kutusalimu kwa jina la Yesu Kristo, aeleza kwamba mwanawe wa pili amepata kazi ya ghalani huko Kariakoo, Dar es Salaam. Kijana hana gari, hana pikipiki, wala hatazamii kuwa navyo upesi. Kwa majuma matatu amelala kwa shangazi yake huku akitafuta chumba cha kupanga, na mwishowe amepata viwili vya kuchagua. Kimoja kipo Magomeni, dakika chache kwa mguu toka kituo cha mabasi yaendayo haraka. Lakini mwenye nyumba ataka kodi ya mwaka mzima mkononi kabla ya kutoa ufunguo. Cha pili kipo mbali, nyuma ya Mbagala. Kodi yake ni nusu ya kile cha kwanza, na mwenye nyumba aridhika na miezi mitatu. Lakini akikaa huko itampasa kijana kupanda bodaboda na daladala mbili, na kuondoka saa kumi alfajiri kila siku ya kazi.

Baba huyu atuuliza maswali mawili. La kwanza ni la shauri: je, atoe fedha za korosho alizoziweka kwa ajili ya bati, ili mwanawe akae karibu na kazi, au amwambie kijana avumilie mbali kama wengine wavumiliavyo? La pili ni la haki, nalo ndilo lililotufanya tuchukue kalamu. Mwenye nyumba wa Magomeni, asema, ni mtu wetu wa Newala, Mkristo mwenzetu, aliyejenga miaka mingi kabla ya mabasi hayo kuja. Zamani alipangisha kwa bei ya kawaida, na nyumba ni ile ile, vyumba ni vile vile, hata choo ni kile kile cha uani. Lakini bei si ile. "Je, Padre," auliza baba, "mtu huyu atenda haki, au atudhulumu?"

Ndugu wasomaji, hili si jambo dogo, wala si la watu wa mjini peke yao. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilikuta Dar es Salaam watu wapatao milioni 4.4, ile ya mwaka 2022 ilikuta milioni 5.4. Watu milioni moja wameongezeka katika miaka kumi, na wengi wao walitoka vijijini kama Chiungutwa, na kila mmoja alitafuta mahali pa kuweka godoro lake. Ni jamaa ngapi kati yenu mnaosoma gazeti hili ambazo hazina mtoto, ndugu au mpwa anayelipa kodi ya chumba mjini? Kwa hiyo twaomba mtuvumilie tulitazame jambo hili polepole.

Kwanza yatupasa kuelewa ni kitu gani hasa kinachouzwa hapo. Mwenye nyumba wa Magomeni hauzi ukubwa wa chumba, kwani vyumba vyote viwili vyalingana. Hauzi uzuri wa nyumba. Anachouza ni ukaribu. Na ukaribu, tukiutazama vizuri, ni saa za maisha ya mtu.

Wazee wa uwanda wa Makonde hawahitaji kuelezwa jambo hili. Kabla ya mradi wa maji kuanza kupandisha maji juu ya uwanda katika miaka ya 1950, mama zetu waliteremka mabondeni kuyatafuta, wakapanda tena mteremko na mitungi kichwani. Maji yenyewe hayakuwa na bei, maana chemchemi ilikuwa ya Mungu. Lakini kila ndoo ililipwa kwa miguu, kwa usingizi uliokatwa na kwa mtoto aliyeachwa akilia. Umbali huo uliwatoza kodi hata pale ambapo hakuna mtu aliyeipokea. Ndivyo ilivyo leo kwa kijana wa ghalani anayekaa nyuma ya Mbagala.

Tufanye hesabu basi, kwa mfano tu, maana bei zabadilika mtaa kwa mtaa. Tuseme chumba cha mbali ni shilingi 40,000 kwa mwezi, na cha karibu ni 80,000. Akikaa mbali, kijana atapanda daladala mara nne kwa siku, kwenda na kurudi. Tuseme shilingi 600 kila mara, jumla 2,400. Aongeze bodaboda ya kumfikisha barabarani na kumrudisha, tuseme 2,000. Hizo ni 4,400 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 114,400. Ukijumlisha na kodi, chumba cha bei nafuu chamgharimu 154,400 kwa mwezi. Akikaa karibu, atapanda basi mara mbili kwa siku. Tuseme 750 kila mara, yaani 1,500 kwa siku, na 39,000 kwa siku 26. Ukijumlisha na kodi, chumba cha bei ghali chamgharimu 119,000. Kumbe basi chumba kiitwacho rahisi ndicho ghali, na tofauti yake ni shilingi 35,400 kila mwezi. Wazee walisema rahisi ghali, nao hawakukosea.

Wala hatujahesabu saa. Tuseme mbali ni saa tano barabarani kwa siku, na karibu ni saa moja. Tofauti ni saa nne kwa siku, saa 104 kwa mwezi: zaidi ya siku nne nzima, mchana na usiku, ambazo kijana huyu azitoa akiwa amesimama ndani ya basi ameshika bomba. Leo yeye ni kijana asiye na mke. Kesho atakuwa na jamaa. Twawajua akina baba wa mjini ambao watoto wao huwaona Jumapili tu, kwa kuwa siku nyingine baba huondoka watoto wamelala, na hurudi watoto wamelala. Baba wa namna hiyo hajawatelekeza wanawe, barabara imemnyang'anya.

Sasa msomaji atauliza: ikiwa chumba cha karibu ni nafuu, mbona maskini hawakipangi? Hapa ndipo kiini cha jambo. Hawakipangi kwa sababu ya mlango wake. Ili aingie chumba cha Magomeni, kijana atatoa kodi ya miezi 12, yaani 960,000, na ya dalali, ambayo kwa desturi ni kodi ya mwezi mmoja, 80,000. Jumla ni 1,040,000 siku moja. Ili aingie chumba cha mbali, atatoa miezi mitatu, 120,000, na ya dalali 40,000, jumla 160,000. Mwenye milioni moja mkononi aingia karibu, kisha aokoa fedha kila mwezi. Asiye nayo aenda mbali, kisha alipa zaidi kila mwezi, na kwa kuwa alipa zaidi hawezi kamwe kuikusanya hiyo milioni. Maskini anunua maisha kwa rejareja, na rejareja daima ni ghali kuliko jumla. Haya si maovu ya mtu mmoja. Lakini ni maovu, na yatupasa kuyaita kwa jina lake.

Tuje sasa kwa mwenye nyumba, kwani naye ni ndugu yetu, na haki haisikilizi upande mmoja. Atatuambia hivi: "Nyumba ni mali yangu. Niliijenga tofali kwa tofali, kwa kiinua mgongo changu, wakati wenzangu wakinywa pombe. Hakuna aliyenisaidia. Wapangaji nawajua: wako wanaokaa miezi mitatu bila kulipa, kisha wahama usiku na taa za nyumba. Kodi ya mwaka ndiyo inayonikinga, na ndiyo niliyonunulia bati na kulipia ada za wanangu. Tena simlazimishi mtu; asiyetaka na aende kwingine."

Maneno haya yana ukweli mwingi, nasi hatuyadharau. Mali ya mtu aliyoipata kwa jasho ni halali yake, na Kanisa limelitetea jambo hilo waziwazi tangu waraka wa Papa Leo wa 13 wa mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi. Anayejenga chumba na kukipangisha afanya kazi njema, kwa maana pasipo yeye kijana wetu angelala nje. Astahili malipo ya tofali zake, ya bati lake, ya matengenezo, na faida ya haki juu yake. Mpangaji anayekimbia na deni usiku ni mwizi, na tusimpambe kwa neno jingine kwa sababu ni maskini. Kila mpangaji mwongo amfungia mlango mpangaji mkweli anayekuja baada yake.

Lakini katika utetezi wa mwenye nyumba yapo maneno mawili tusiyoweza kuyakubali. La kwanza ni hili: "hakuna aliyenisaidia". Tofali hakusaidiwa, lakini bei je? Nyumba yake haikubadilika. Kilichobadilika ni barabara iliyo mbele yake. Mabasi yaendayo haraka yalianza safari zake Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Gerezani na Morocco, kwenye njia yenye urefu wa kilomita 21 hivi. Njia hiyo ilijengwa kwa fedha za serikali na mkopo wa Benki ya Dunia. Na deni la taifa halilipwi na watu wa Magomeni peke yao. Mkulima wa Chiungutwa alilipa anaponunua sukari, anapotuma fedha kwa simu, na korosho yake inapokatwa ushuru. Basi tazameni jambo la ajabu: baba huyu aliichangia barabara, barabara ikapandisha kodi ya chumba, na sasa aombwa ailipe kodi hiyo iliyopanda. Atoa mara mbili kwa kitu kimoja, na anayepokea mara ya pili hakuchimba hata futi moja ya njia ile.

Watu wa Masasi wana ushahidi wa jambo hili katika ardhi yao wenyewe. Baada ya mwaka 1947, serikali ya kikoloni ilipoanzisha mradi mkubwa wa karanga kule Nachingwea, ilijengwa reli kutoka pwani ya Mtwara kuingia bara, na mwaka 1958 ikafika Masasi. Mradi wa karanga ulikuwa umekwisha kuvunjika, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Kiwanja kilichokuwa jirani na stesheni kikarudi kuwa kiwanja cha kawaida. Mwenye kiwanja hakuwa mvivu kuliko jana, wala nyumba yake haikuanguka. Thamani iliondoka na gari moshi. Ikiwa thamani yaja na njia na kuondoka na njia, basi hapana shaka iliumbwa na njia, si na mwenye kiwanja.

Wazo hili si geni katika nchi yetu. Mwalimu Nyerere aliliandika mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilipopendekeza ardhi iwe mali ya mtu binafsi ya kuuzika. Alisema ardhi hakuiumba mtu; kilicho cha mtu ni jasho alilolitia humo. Mwaka 1963 umilikaji wa ardhi wa kudumu ukaondolewa kwa sheria, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema hata leo kwamba ardhi yote ni ya umma, nayo imekabidhiwa kwa Rais kama mdhamini wa wananchi wote. Basi mwenye nyumba aishikaye hati ya kiwanja karibu na kituo ashika amana. Hatusemi anyang'anywe. Twasema akumbuke kwamba sehemu ya kile anachopokea si yake kwa njia ile ile ambayo tofali ni lake.

La pili tusilolikubali ni hili: "simlazimishi mtu". Leo wa 13 alilijibu jambo hilo juu ya mshahara. Alifundisha kwamba makubaliano ya tajiri na mfanyakazi hayatoshi kuwa haki, ikiwa mmoja wao amekubali kwa sababu shida imemshika shingo. Ukweli huo haubadiliki ukitoka kiwandani na kuingia nyumbani. Mtu aweza kukaa bila redio na bila viatu vya pili. Hawezi kukaa bila mahali pa kulala, na asiye na gari hawezi kulala popote. Anapokubali bei, huenda hakukubali ila amesalimu amri. Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2015 juu ya kutunza nyumba yetu ya pamoja, aliyaweka mambo haya mawili jirani, ukosefu wa makao na taabu ya usafiri mijini, kwa kuwa yote mawili yaugusa utu wa mtu. Hakuyatenga, nasi tusiyatenge. Chumba kisichofikika kwa mguu wala kwa basi ni nusu ya makao.

Msomaji atauliza: mbona sheria isiseme? Ilisema. Palikuwa na sheria ya kudhibiti kodi ya mwaka 1984, pamoja na mabaraza ya kusikiliza mashauri ya nyumba. Mwaka 2005 sheria ile ilifutwa, na tangu hapo kodi yategemea zaidi mapatano ya watu wawili. Hatudai kwamba udhibiti ule ulikuwa dawa bila kasoro. Kodi ikibanwa mno, mwenye nyumba huacha kutengeneza paa, wengine huacha kujenga, na mpangaji ndiye anayenyeshewa. Lakini ikiachwa pasipo kizuizi chochote, mwenye nguvu hupishwa na mnyonge husukumwa nje ya mji. Kati ya ncha hizo mbili ipo njia, na watunga sheria wameajiriwa kuitafuta. Wangeanza na malipo ya mbele. Sheria ya kusema kwamba mtu asidaiwe zaidi ya miezi michache, pamoja na baraza la karibu la kumtoa upesi mpangaji asiyelipa, ingewakinga wote wawili, wala isingeshusha thamani ya tofali hata moja.

Na serikali yenyewe yaweza kujenga. Uhuru ulikuwa haujatimiza mwaka mmoja lilipoundwa Shirika la Nyumba la Taifa, mwaka 1962, nalo likaanza kuweka nyumba imara mahali pa vibanda. Karibu na wakati wetu, wakazi wa Magomeni Kota waliohamishwa miaka kama kumi nyuma walijengewa majengo ya ghorofa kwa ajili ya kaya 644, na yakazinduliwa mwaka 2022. Yapo kando ya njia ya mabasi yale yale tunayoyasema. Twaomba mfano huo usiwe wa pekee. Njia ya mabasi inapochorwa, nyumba za watu wa kipato kidogo zichorwe kwenye karatasi hiyo hiyo, kabla bei ya viwanja haijapanda. Ukingoja mpaka basi lianze kupita, umekwisha kuchelewa.

Ndugu wasomaji, tungekuwa wanafiki kama tungewanyoshea wengine kidole tukajificha nyuma ya joho. Tulipokuwa padre msaidizi katika parokia moja ambayo hatutaitaja, tulikabidhiwa vyumba sita vya parokia vilivyopangishwa, kando ya njia iliyokuwa ya vumbi. Njia ikatiwa lami na daladala zikaanza kupita. Wakatuambia wenye hekima ya fedha kwamba vyumba vile vyaweza kuleta mara mbili. Tukaandika barua sita, tukatia sahihi sisi wenyewe, kwa mwandiko mzuri tuliofundishwa seminari. Mama mmoja, fundi cherehani, hakulalamika. Alikunja vitu vyake, akashukuru kwa miaka aliyokaa, akahamia mbali. Tuliona jambo limekwenda vizuri. Baada ya majuma kadhaa tukagundua kwamba hatumwoni tena kwenye Misa ya asubuhi, ambayo hakuwa akiikosa. Tukamwuliza jirani yake. "Mama yupo mzima, Padre," akajibu, "lakini nauli ya kuja ni bei ya chakula cha mchana."

Fedha iliyopatikana ilinunua viti vipya vya ukumbi. Hatukuiba. Hapana sheria tuliyoivunja. Lakini tangu siku ile hatuwezi kuviona viti vile bila kumkumbuka mama yule, na barua hii ya Chiungutwa imetukumbusha tena. Kwa hiyo twasema na wenye nyumba si kama mahakimu, bali kama watu waliokwisha kutenda kosa hilo wenyewe.

Basi jibu letu kwa swali la haki ni hili. Mwenye nyumba wa Magomeni hatendi dhambi kwa kuwa na nyumba karibu na kituo, wala kwa kudai zaidi kidogo ya yule wa mbali. Vumbi, kelele, msongamano na gharama za mjini ni zake pia, na mtu hakatazwi kufaidi baraka iliyompata. Mpaka wenyewe hauchorwi kwa rula. Lakini twaweza kumpa alama tatu za kujipimia. Kwanza, je, mpangaji akiisha kulipa, abaki na cha kula na cha kutuma kwa wazazi, au kodi yala hata unga? Pili, je, aliipandisha kodi kwa sababu gharama zake zimepanda, au kwa sababu tu aliona mtu hana pa kwenda? Tatu, je, kama mpangaji huyo angekuwa mwanawe mwenyewe, amepanga kwa mtu mwingine, angeiita bei hiyo ya haki? Akijibu alama hizo tatu kwa moyo mnyofu, hahitaji gazeti la kumwambia anadhulumu au hadhulumu.

Na juu ya malipo ya mwaka mzima twasema kwa mkazo zaidi. Mwenye nyumba ana haki ya kinga. Kodi ya miezi miwili au mitatu ni kinga. Kodi ya miezi kumi na miwili ni mkopo, nao ni mkopo ambao maskini amkopesha mwenye nacho bila riba. Kila anayeweza kuliacha jambo hilo na aliache. Hatampoteza mtu mwaminifu. Atampata, kwa kuwa waaminifu wengi hawana milioni.

Jibu letu kwa swali la shauri ni fupi. Mzee wetu, usiangalie kodi peke yake. Jumlisha kodi, nauli na saa, kisha ulinganishe. Kama hesabu yako itafanana na yetu, karibu ndiko nafuu. Lakini usitoe mwaka mzima mara moja. Mwandikie mwenye nyumba wewe mwenyewe, kwa kuwa ni mtu wa kwenu, ukamwombe miezi mitatu au sita. Barua ya mzazi yafungua mioyo ambayo maneno ya dalali hayafungui. Kijana atafute mwenzake wa kazi mwenye tabia njema, wapange pamoja mpaka watakapojiweza. Asitoe fedha ya dalali wala ya mwenye nyumba kabla ya kukiona chumba kwa macho, kuulizia maji na umeme, na kuzungumza na wapangaji waliomo. Nyumba njema si mlango. Mapatano yaandikwe, yawe na shahidi, na kila shilingi ipate stakabadhi. Kisha, akiisha kuingia, alipe siku ile ile aliyoahidi, mwezi kwa mwezi. Hiyo ndiyo njia ya kumfundisha mwenye nyumba kwamba hahitaji kodi ya mwaka ili alale usingizi.

Na ikiwa mwenye nyumba atakataa kabisa? Basi bati lingoje msimu mmoja, Mzee. Hatulisemi jambo hili kwa wepesi, maana twajua mvua za Masasi, na twajua bati linalovuja lasubiriwa na nani. Lakini siku nne za kila mwezi katika ujana wa mtu hazirudi, na bati hununuliwa msimu ujao. Laiti usingalazimika kuchagua kati ya paa lako na usingizi wa mwanao. Kwamba umelazimika, hilo si kosa lako. Ni letu sote tulioacha njia ya wote ilishwe mfuko wa mmoja.

Twamalizia kwa kuwageukia ninyi mlio na vyumba vya kupangisha, ambao mnasoma gazeti hili baada ya Misa. Mtu wa Chiungutwa apitapo njia ya kusini, zaidi ya kilomita 500, na kushuka Mbagala na begi lake, mtu wa kwanza mjini atakayempima utu wake si padre wala askari. Ni ninyi. Mwacheni aingie kwa bei ambayo mngeweza kuitaja mbele ya mama yake.